Nchi ya Maziwa, Siagi Ghali

Iko nchi moja mbali sana kusini mwa dunia, iitwayo New Zealand, ambayo watu wake ni kama milioni tano tu na ambayo malisho yake yanasifika duniani kote. Nchi hiyo huuza nje takriban asilimia 95 ya maziwa inayoyazalisha, yakiwa siagi, jibini na maziwa ya unga, na nyama ya kondoo wake huliwa katika miji ya mabara mengi. Mtu angedhani kwamba katika nchi ya namna hiyo mtumishi wa kawaida hahesabu senti anapowanunulia watoto wake siagi na maziwa. Ukweli ni kinyume kabisa. Kwa miaka mingi wananchi wa huko wamelalamika kwamba chakula kinaumaliza mshahara kabla ya mwezi kwisha, na katika mwaka ulioishia Aprili 2023 bei za vyakula zilipanda kwa asilimia 12.5, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1987.

Swali linalojitokeza ni hili: inakuwaje anayeishi kando ya mto afe kwa kiu? Yafaa kwanza itendwe haki, kwa maana si kila bei inayopanda imepandishwa na mwenye duka. Siagi ya New Zealand inauzwa katika soko la dunia, na bei ya huko ndiyo inayorudi nyumbani. Vita vya Ukraine, vilivyopamba moto mwaka 2022, viliongeza gharama za mbolea na mafuta. Mwezi Februari 2023 kimbunga kilichopewa jina la Gabrielle kilizamisha mashamba ya mboga na matunda katika kisiwa cha kaskazini. Mambo hayo yote ni kweli, na mwenye duka hawezi kulaumiwa kwa mvua. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haikuletwa na mawingu wala na vita. Imetengenezwa na binadamu, imewekewa sahihi na mawakili, na ikatunzwa katika makabati ya hati za viwanja. Sababu hiyo ni ukiritimba.

Biashara ya vyakula nchini humo iko mikononi mwa makundi mawili. La kwanza ni Foodstuffs, lenye maduka yanayojulikana kwa majina ya PAK'nSAVE, New World na Four Square. La pili ni Woolworths, ambalo ni mali ya kampuni ya Australia. Zamani makundi makubwa yalikuwa matatu. Mwaka 2002 kampuni moja ikainunua nyingine, yakabaki mawili, na mwaka 2005 lile lililonunua likanunuliwa nalo na Waaustralia. Mwaka 2006 kampuni moja ya biashara ya jumla ya bidhaa za nyumbani, The Warehouse, ilijaribu kuingia katika uuzaji wa vyakula. Wakubwa hao wawili hawakungoja kushindana naye dukani. Kila mmoja alikimbilia kutaka kumnunua. Shauri hilo lilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2008 ilizuia ununuzi huo, lakini mwaka huohuo jaribio la kuuza vyakula likasimamishwa. Mlaji akashinda kesi, akashindwa sokoni.

Wako wanaodhani kwamba ukiritimba maana yake ni muuzaji mmoja peke yake, na kwamba wakiwa wawili tayari pana ushindani. Sivyo. Wahenga walisema kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na katika soko wauzaji ndio panzi na mlaji ndiye kunguru. Panzi wakiwa mia watagombana, na kunguru atashiba. Panzi wakiwa wawili, tena wanene na wenye umri, hawana sababu ya kupigana. Wala si lazima wakutane usiku kupanga njama. Kila mmoja hutazama bei iliyobandikwa kwenye rafu ya mwenzake, akaona haina upungufu, naye akaiacha ya kwake hapo hapo. Hakuna barua iliyoandikwa na hakuna sheria iliyovunjwa, na wa kuulipia utulivu huo ni mlaji mwenye kapu mkononi.

Mwaka 2020 serikali ya New Zealand iliiagiza Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilichunguze jambo hili. Taarifa ya mwisho ilitolewa mwezi Machi 2022, nayo ilisema bila kuzunguka kwamba ushindani katika uuzaji wa vyakula haufanyi kazi ipasavyo. Katika biashara inayofikia dola bilioni 22 za nchi hiyo kwa mwaka, Tume ilikadiria kuwa makundi hayo makubwa yalikuwa yakipata faida iliyozidi kiwango cha haki kwa dola kama milioni 430 kila mwaka, yaani zaidi ya milioni moja kila siku iendayo kwa Mungu. Ukizigawa fedha hizo kwa watu wote, kila mtu, kuanzia mzee hadi mtoto mchanga, alitozwa zaidi ya dola 80 kwa mwaka pasipo kupewa hata kiberiti.

Hapa pia inafaa kupima kwa mizani isiyo na hila. Dola milioni 430 katika bilioni 22 ni kama sehemu mbili katika kila mia. Hiyo si bei yote, wala haielezi ughali wote. Lakini mwalimu mwenye familia anajua sehemu mbili katika mia ni nini zinapokatwa katika mshahara wake kila mwezi, mwaka hadi mwaka, na mtu ambaye hakumchagua wala hana namna ya kumwondoa. Serikali ikitoza kodi, Bunge hukaa, hujadili, na wananchi huuliza fedha zimekwenda wapi. Kodi ya mkiritimba haina Bunge.

Jambo lililowashangaza wengi katika taarifa hiyo ni jinsi mlango ulivyofungwa. Duka kubwa linahitaji kiwanja kikubwa, mahali penye watu na barabara. Iligunduliwa kwamba makundi hayo, yalipouza viwanja vyao, yaliandika katika hati sharti la kumzuia mnunuzi na kila atakayemfuata kujenga hapo duka la vyakula. Penginepo, yalipopanga katika majengo ya biashara, yaliweka katika mkataba wa pango sharti la kumkataza mwenye jengo asimpangishe muuzaji mwingine wa vyakula. Masharti ya kwenye hati yalikutwa zaidi ya 90, na yale ya kwenye mikataba ya pango zaidi ya 100. Ardhi ya nchi, ambayo ingeweza kulisha watu, ikageuzwa silaha ya kuwazuia watu wasipate pa kununulia chakula.

Mlango wa pili uliofungwa ni ule wa bidhaa za jumla. Mwenye duka dogo hana ghala lake, na ili auze lazima apate mali kwa bei ya jumla. Lakini wenye maghala na magari ni walewale wakubwa wawili, wanaoyalisha maduka yao wenyewe kwanza. Mtu mdogo aliyetaka kushindana nao alilazimika kupata mali kwa bei ambayo ilimfanya ashindwe kabla hajafungua mlango. Ndiyo sababu wengi walioanza walianguka.

Upande wa tatu ni wa mzalishaji. Mkulima wa nyanya au mwenye kiwanda kidogo cha asali akiwa na wanunuzi wawili tu, hana soko. Ana mabwana wawili. Akiambiwa apunguze bei, atapunguza. Akiambiwa agharimie tangazo au abebe hasara ya mali iliyoharibikia dukani, atabeba. Wazalishaji wengi walipoulizwa na Tume waliomba majina yao yasitajwe, kwa kuhofia kwamba bidhaa zao zitaondolewa rafuni. Basi ukiritimba una ncha mbili kama mkuki wa vita: mmoja humchoma mlaji anayenunua ghali, na mwingine humchoma mkulima anayeuza rahisi. Anayeushika katikati ndiye pekee asiyeumia.

Ndugu wananchi, katika habari hii limo jambo moja ambalo kila mpenda ushirika anapaswa kulitafakari kwa makini. Kundi lile la Foodstuffs ni chama cha ushirika. Lilianza mwaka 1922 katika mji wa Auckland, wenye maduka madogo walipoungana kununua mali kwa pamoja ili wasimezwe na wenye nguvu. Nia ilikuwa njema, na umoja huo uliwainua. Lakini ule ulikuwa ushirika wa wauzaji, si wa walaji, nao ulipokuwa mkubwa uliwatumikia wanachama wake kama kila chama kinavyofanya. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama jambo fulani ni la ushirika. Ni lazima kuuliza ni ushirika wa nani, na nani yuko nje ya mlango wake.

Serikali ya New Zealand haikukaa kimya. Mwaka 2022 ilitungwa sheria ya kuyafuta yale masharti ya viwanja. Mwaka 2023 ikatungwa sheria ya ushindani katika biashara ya vyakula, akateuliwa Kamishna wa kuisimamia, ikawekwa kanuni ya namna wakubwa wanavyopaswa kuwatendea wazalishaji, na wakatakiwa kuwauzia wafanyabiashara wengine kwa jumla. Kuanzia Agosti 2024 maduka makubwa yalilazimishwa kuandika bei kwa kila kipimo, ili mnunuzi aone mara moja ni shilingi ngapi kwa kilo na si kudanganywa na ukubwa wa kopo. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Tume ilikataa maombi ya matawi mawili ya Foodstuffs, la kaskazini na la kusini, yaliyotaka kuungana na kuwa kitu kimoja.

Je, bei zimeshuka? Mtu asidanganywe. Sheria hufuta sharti kwa siku moja, lakini haijengi ghala kwa siku moja. Kampuni kubwa ya Marekani, Costco, ilifungua duka moja mjini Auckland mwezi Septemba 2022, na duka moja halilishi nchi yenye visiwa viwili. Ukiritimba hukua kama mbuyu, kidogo kidogo na kimya, na kuukata kunahitaji watu wengi na muda mrefu. Somo la kwanza, basi, ni kwamba kuuzuia mche ni rahisi kuliko kuuangusha mti. Lau muungano wa mwaka 2002 ungezuiwa, kazi ya mwaka 2022 ingekuwa nyepesi.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya huko kwa mabepari, na kwamba Tanzania hayaihusu. Watu hao wamesahau upesi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya nje na ya jumla ilichukuliwa na umma chini ya Shirika la Biashara la Taifa, na kuanzia mwaka 1973 kazi ya kugawa bidhaa mikoani ikapewa kampuni za biashara za mikoa, zile zilizojulikana kwa jina la RTC. Shabaha ilikuwa ya haki, kwani wananchi walikuwa wamechoshwa na walanguzi. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Pale ambapo duka jipya halikuwa tayari, wananchi walikosa chumvi na mafuta ya taa, na operesheni hiyo ikabidi isimamishwe.

Wazee waliokuwa watumishi katika miaka ile ya mwanzo wa 1980 wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Bei iliyowekwa na Tume ya Bei ilikuwa ya chini, lakini bidhaa haikuwapo rafuni. Ilikuwa nyuma ya duka, ikimngoja mwenye kujuana na mwenye ghala. Vita dhidi ya wahujumu uchumi vilivyotangazwa mwaka 1983 viliwakamata wengi, lakini havikuweza kuzalisha sabuni, na mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa kutoka nje. Haki inadai isemwe pia kwamba miaka hiyo ilikuwa ya ukame, ya gharama za vita vya Kagera na ya bei kubwa ya mafuta. Hata hivyo somo moja halikwepeki. Iwe mlango ni mmoja wa umma, iwe ni miwili ya mabepari, mlaji asiye na mlango mwingine wa kubisha huwa mateka. Jina la mwenye ghala hubadilika, lakini foleni na kilio hubaki vilevile.

Leo hali ya Tanzania ni tofauti, nayo inahitaji macho makali zaidi. Supamaketi si ndizo zinazowalisha wananchi walio wengi. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014, Uchumi ikafunga milango yake mwaka 2015, na Nakumatt nayo ikaanguka muda si mrefu baadaye. Mwananchi ananunua kwenye duka la mtaani, gengeni na sokoni. Ukisimama katika mtaa wowote wa Dar es Salaam, Mwanza au Mbeya utahesabu maduka kumi katika hatua mia mbili, na kwa haraka utasema kwamba ushindani umetimia.

Lakini ushindani wa mbele ya duka si lazima uwe ushindani wa nyuma ya duka. Maduka yale kumi yanaweza yote kuwa yanapata sukari kutoka viwanda vichache, au ngano na mafuta ya kula kutoka kwa waagizaji wachache. Ukweli huo ulidhihirika mwanzoni mwa mwaka 2024. Mvua za El Niño zilikwamisha uvunaji wa miwa, sukari ikaadimika, na kilo moja ikauzwa shilingi 4,000 na zaidi, ingawa serikali ilikuwa imetangaza bei ya chini ya hapo. Mwenye duka la mtaani alilaumiwa, lakini naye alikuwa ameinunua ghali. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, vibali vya kuagiza sukari ya kuziba pengo vilikuwa vikitolewa kwa wenye viwanda wenyewe, yaani mtu anayefaidika na upungufu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kuumaliza. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, Bunge lilibadili utaratibu huo na kuuruhusu Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula kununua, kuagiza na kuhifadhi sukari.

Hatua hiyo ina maana, lakini nayo ilindwe isije ikazaa ule ugonjwa wa zamani. Ghala la taifa ni la kuvunja ukiritimba, si la kuchukua nafasi yake. Likitoa mali kwa wakati, kwa bei inayojulikana, kwa wafanyabiashara wengi, litakuwa kinga. Likitoa kwa wachache wenye kujuana, litakuwa RTC yenye jina jipya. Tanzania inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo haitafanya kazi kwa kukaa kabatini. Inahitaji wachunguzi, takwimu na ujasiri wa kumkabili mwenye nguvu kabla mche haujawa mbuyu.

Na hapa ndipo mtumishi wa serikali anapoingia. Ukiritimba hauzaliwi sokoni peke yake. Mara nyingi huzaliwa juu ya meza, siku ambayo kibali kimoja kinatiwa sahihi na vingine vinane vinawekwa chini ya faili. Afisa wa ardhi anayepitisha hati, afisa biashara anayetoa leseni, afisa ununuzi anayeandika zabuni ya chakula cha shule kwa namna ambayo mtu mmoja tu anaweza kuishinda, wote hao wanashika bawaba za mlango. Mtumishi huyo akirudi nyumbani jioni na kukuta bei imepanda, ni vema ajiulize kama hakuichangia asubuhi.

Mwalimu naye ana silaha ambayo haina gharama. Mtoto anayefundishwa hesabu anaweza kufundishwa kupima bei kwa kilo na kwa lita, na kutambua kwamba kipakti kidogo kinachoonekana rahisi mara nyingi ndicho ghali kuliko vyote. Anaweza kutumwa kuandika bei za soko la kijiji kwa mwezi mzima na kuzilinganisha. Taifa la watu wanaojua kuhesabu haliibiwi kwa urahisi. Tena walimu na watumishi ni watu wenye mshahara unaojulikana na tarehe inayojulikana. Wamezoea kuungana katika vyama vya akiba na mikopo, na hakuna kinachowazuia kuungana pia katika ununuzi, wakachukua mchele, maharage na mafuta moja kwa moja kwa wakulima, kwa bei inayompa mkulima jasho lake na kumwachia mlaji pumzi. Huo utakuwa ushirika wa walaji, na milango yake iachwe wazi kwa kila jirani, ili nao usije ukaota pembe.

Nchi ile ya maziwa imejifunza kwa gharama kubwa kwamba wingi wa chakula shambani si dhamana ya chakula cha bei nafuu mezani. Kati ya shamba na meza iko njia, na anayeimiliki njia anaweza kuwanyima wote wawili. Njia ya chakula cha taifa haipaswi kuwa mali ya mtu mmoja wala ya watu wawili, na ulinzi wake ni kazi ya kila aliyepewa kalamu ya umma au chaki ya darasani.